Mtoe Huyo wa Nyuma

Studio nimeifunga mwisho wa mwezi uliopita. Pazia la bluu nimempa mwalimu wa nasari, stuli ya wateja imekwenda kwa kinyozi wa jirani, na zile taa mbili kubwa hakuna aliyezitaka hata bure, maana zinakula stima bila huruma. Komora, ambaye ndiye admini wa kundi letu la Picha za Kila Siku, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa simu machache kuhusu kazi yangu, hasa mbinu. Mbinu nitaziandika. Lakini iko moja niliyowafundisha mimi mwenyewe ambayo naomba muiache, na siwezi kueleza kwa nini bila kuanzia mwanzo.

Mimi ni mtu wa Tarasaa. Wazazi wangu walihamia huko kutoka kusini, wakafyeka shamba la mahindi na simsim, nami nilipomaliza shule nikaja Garsen kuuza mahamri. Nilikaa nje ya mlango wa studio ya Fundi Bakari, mtu wa Kipini, mwembamba, nadhifu, ambaye hata siku za vumbi kanzu yake ilibaki nyeupe. Shida yake ilikuwa wateja wanawake. Walitoka mbali, wakafika mlangoni, wakaona ni mwanamume ndiye atakayewaambia waketi hivi na wainue kidevu vile, wakageuka na kurudi walikotoka. Asubuhi moja akatoka nje akaniita kwa Kiswahili cha kwao, njoo ikawa ndoo na chini ikawa tini.

“Dama, ndoo. Weka sinia hilo tini. Nataka mwanamke humu ndani.”

Nilidhani ananitongoza. Nilibeba sinia langu nikahamia ng'ambo ya barabara. Kesho yake alimtuma mkewe aje anieleze kwamba ni kazi ya kupiga picha.

Wiki ya kwanza alinipa filamu ya picha kumi na mbili nimpige bibi harusi na shangazi zake. Nilipomaliza, nilifungua mgongo wa kamera nione kama wametoka vizuri. Ninyi mliokulia kwenye simu hamtaelewa kosa liko wapi: filamu ikiona mwanga imekwisha. Bibi harusi na shangazi wote waliungua papo hapo, na harusi hairudiwi. Fundi Bakari hakunigombeza. Aliniketisha kwenye stuli ya wateja, akaniwashia taa zote mbili usoni, akaniambia nisipepese macho wala kujikuna mpaka anipe ruhusa, kisha akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alisema sasa ninajua mteja anavumilia nini, basi nikimwomba avumilie nisimpotezee.

Chumba cha giza kilikuwa banda la kuku la zamani, nyufa zimezibwa kwa udongo na magunia. Maji yaliletwa kwa punda kutoka mtoni, na maji ya Tana mnayajua: ukiyateka asubuhi, jioni bado yana rangi ya chai ya maziwa. Ukioshea filamu maji hayo, chembe za udongo zinakauka juu ya uso wa mtu na mteja anatoka na ndui. Kwa hiyo kila alfajiri kazi yangu ilikuwa kuchuja maji kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kutia kipande cha shabu, na kungoja yatulie. Watu waliniona nimekaa kando ya ndoo nikiitazama, wakasema Fundi Bakari amemwajiri mvivu.

Fundi alikuwa na sheria chache, na moja aliirudia kila siku. “Nyuma pawe peupe, Dama. Tezama mato ya mtu, kisha tezama nyuma yake. Akitaka miti, miti iko tele nde.” Pazia lilinyooshwa kwa pasi ya makaa. Inzi akitua juu yake, tulingoja aondoke. Hata watoto wachanga waliohitaji picha za pasipoti tuliwapiga kwa sheria hiyo hiyo. Mtoto wa miezi mitatu hakai peke yake, basi tulimkalisha mapajani mwa mama, kisha mama tukamfunika shuka jeupe gubigubi, kichwa na mikono, akawa kiti. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilijivunia kwamba ukiitazama picha huwezi kujua humo ndani kuna mama.

Macho ya Fundi yalipoanza kufifia, alinikabidhi funguo akarudi kwao Kipini. Alipokufa tulitafuta picha yake ya kuwekwa sebuleni kwa mkewe, tukakosa. Miaka yote ile, yeye na mimi tulikuwa tumesimama upande wa kamera usiopigwa. Nililia siku ile kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni aibu kuliandika.

Katika mwaka wangu wa kwanza peke yangu ndipo walipokuja Guyo na Halima. Walikuwa Waorma, wafugaji, wamefunga ndoa karibuni, na wote wawili walitaka picha za kitambulisho. Halima aliketi, akatulia, tukamaliza. Guyo hakuweza kuacha kucheka. Aliicheka stuli kwa ufupi wake, akazicheka taa, akamcheka mkewe alivyokaa kimya mithili ya mtu aliye mbele ya hakimu. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole kwamba picha ya serikali haina kucheka. Mara ya tatu nikapandisha sauti.

“Funga mdomo, kaka! Unaniharibia filamu!”

Akafunga, nikampiga. Uso uliotoka ulikuwa wa mtu aliyetoka kukaripiwa. Halima alikuja kunieleza baadaye kwamba tangu siku hiyo mumewe akiona kamera anakwepa, anasema picha ni mambo ya serikali.

Halafu zikaja kamera zisizotaka filamu, na nyuma yake simu, na banda la kuku likageuka stoo. Wateja walinipungukia mmoja mmoja, bila ugomvi. Nilibaki na pasipoti, kopi na laminesheni. Mwalimu Komora wa sekondari ndiye aliyenitoa kwenye uchungu huo. Alikuwa na tabia ya kupita studio kunionyesha vitu alivyopiga kwa simu, akaniambia wako wengi wa namna yake, wa hapa, wa Chara, hata mmoja wa Bangale mwenye duka, watu ambao hawauzi picha wala hawatafuti sifa, wanapenda tu. Akafungua kundi kwenye wasap akanitia mimi niwe mwalimu.

Nakiri kundi lile lilinirudishia uhai. Kila asubuhi nilifungua simu nikakuta chai kabla haijanywewa, mbuzi juu ya bati, kandambili moja imekwama topeni, mizani ya dukani na vumbi lake. Nami nikawapa mbinu. Futeni lenzi kwa upande safi wa nguo, kwa sababu nusu ya ukungu mnaolalamikia ni mafuta ya mahamri. Saa sita mchana ingieni kivulini, jua la Garsen linamchimba mtu mashimo machoni. Usivute kwa vidole. Una miguu, sogea. Mbuzi mpige ukiwa umechuchumaa, ukimpiga ukiwa umesimama anatoka kama mzigo wenye masikio. Hayo yote bado nayasimamia.

Lakini mbinu niliyoikazania kuliko zote ilikuwa ya Fundi Bakari, na hiyo ndiyo naomba muiache. Nyuma pawe safi. Mtu akipita, ngoja apite. Akiingia, mkate atoke. Na mimi nikaongeza ukali wangu juu yake: picha ikikosolewa, mwenyewe airekebishe aitume upya, ile mbovu aifute, na sisi wote tuifute, tusijaze simu takataka. Mlikuwa mkijibu “nimefuta”, “nimefuta”, nami nilihisi nina darasa. Kahindi wa bodaboda peke yake hakufuta kitu. Simu yake ilijaa mpaka ikawa nzito kufunguka, na nilimsema mbele yenu zaidi ya mara moja.

Halima aliingia kundini akiwa tayari mama wa watu wazima, muuza maziwa pale sokoni. Hakusoma shule, kwa hiyo kwa ajili yake nilikuwa nikitoa maoni yangu kwa sauti badala ya maandishi. Alikuwa na jicho. Alipiga vifundo vya kamba, alama za kwato kwenye tope lililokauka, mkono wake mwenyewe ukiwa na povu la maziwa. Wengi wenu mlijifunza kwake kuliko kwangu.

Asubuhi moja alituma picha ya madumu mawili ya maziwa mlangoni kwake. Jua la mapema lilikuwa limepenya plastiki ya njano, ukaona mpaka mstari ambapo maziwa yameishia. Sijui kama kundi limewahi kupata picha nzuri kuliko hiyo. Ila nyuma ya dumu la kulia alisimama mwanamume, bega moja limekatwa, kichwa kimetikisika, mdomo wazi. Sikumtazama mara mbili. Nilibonyeza kidude cha sauti nikasema, “Madumu safi sana, Halima. Ila mtoe huyo wa nyuma, anaharibu.” Akajibu kwa sauti yake ndogo, “Sawa, mwalimu.” Baada ya dakika chache akaituma tena, imekatwa: dumu moja na nusu, na ukuta. Nikaitangaza kuwa picha ya wiki. Tukaandika “nimefuta” mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Guyo alikufa mvua zilipokuwa zimekolea. Alianza kwa kuumwa kichwa, akapelekwa Malindi, akarudishwa maiti. Kwa dini yao mtu anazikwa siku hiyo hiyo. Binti yao wa mwisho, Habiba, alikuwa bweni huko Hola, na gari alilopanda lilikwama njiani mpaka jioni. Alifika baba yake ameshafukiwa. Nilikwenda kutoa rambirambi pamoja na akina mama wa soko, nikakaa mkekani, nikala nilichopewa, nikarudi nyumbani. Sikujua kwamba msiba ule una mkono wangu.

Miezi ikapita. Siku moja, shule zikiwa zimefungwa, Halima aliingia studio na Habiba, msichana mrefu wa kidato cha tatu, amevaa buibui. Habiba aliweka mezani kopi ya kitambulisho cha baba yake. Ilikuwa ile picha yangu.

“Mama Studio, huyu si yeye,” alisema. “Baba hakuwa anakaa hivi. Sasa nikifunga macho nimuone, inakuja hii tu. Ile yake ya kweli inanipotea.”

Nikamuuliza kama hakuna picha nyingine. Halima alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

“Ile ya maziwa,” alisema. “Wewe ulisema toa, mimi nikatoa. Sasa rudisha.”

Niliketi. Nilijaribu kumweleza kwamba kilichokatwa kikafutwa hakirudi. Hakunielewa, na kwa nini anielewe? Ameniona mara ngapi nikigeuza pazia la bluu kuwa jeupe kwa kompyuta, nikiondoa chunusi, nikimpa koti mtu aliyekuja na fulana? Kwake yeye, kama ninaweza kumvisha mtu koti asilokuwa nalo, kumrudisha mtu aliyekuwepo ni kazi ndogo zaidi. Habiba alielewa. Aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pembe ya ile kopi.

Nilitafuta kwenye simu yangu nikijua sitapata. Nilitafuta kwenye simu ya Halima, nikaikuta ile iliyokatwa tu, dumu moja na nusu na ukuta. Nikaandika kundini, mtakumbuka, nikaomba aliye nayo ile ya kwanza anitumie. Majibu yenu yalianza kuingia. Nilifuta, mwalimu. Nilifuta siku ile ile. Mimi pia nilifuta, kama ulivyosema. Mlikuwa mmenitii nyote, na kila jibu lilinichoma mahali pake. Habiba alikuwa akiyasoma juu ya bega langu.

Akabaki Kahindi. Tulimkuta stendi, amekaa juu ya pikipiki yake chini ya mwavuli wa matangazo.

“Mimi sifutangi kitu, mama, si unanijua,” alisema, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Alianza kupandisha kundi kwa kidole, wiki baada ya wiki, mbuzi wenu na chai zenu zikipita. Halima alisogea mpaka ushungi wake ukagusa tangi la pikipiki. Ikafika. Kijisanduku kidogo cha njano, chote ukungu, na katikati mshale unaoelekeza chini. Kahindi hakuwahi kuifungua.

“Bando, mama,” alisema polepole. “Mapicha yote haya yangenimaliza, mengine nilikuwa naruka.”

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaacha. Yakatokea maneno. Habiba aliyasoma kwa sauti: picha haipo tena, mwombe aliyeituma aitume upya.

“Inasema nini?” Halima aliuliza.

Kahindi, katika kubabaika, akabonyeza tena, kidole kikateleza kikagusa kilichokuwa chini ya picha, na hapo stendi, mbele ya mjane na binti yake, sauti yangu ikasema kwa uchangamfu: “Madumu safi sana, Halima. Ila mtoe huyo wa nyuma, anaharibu.” Picha ilikuwa imepotea. Sauti yangu ilikuwepo, nzima kabisa.

“Inasema wewe ndiye uitume tena, mama,” Habiba alisema.

Na Halima akatoa simu yake kwenye mkoba, akaanza kuitafuta ili aitume. Habiba ndiye aliyemshika mkono.

Tulirudi studio. Nilichopata kwa Kahindi ni skrinshoti ya kile kijisanduku, nikakivuta mpaka kikajaa karatasi, nikakichapa. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kumpa mteja kitu kibaya hivyo. Rangi ya njano huku, rangi ya njano kule, juu yake doa la kahawia, na ndani ya doa hilo ncha ndogo nyeupe. Habiba aliishika karibu na dirisha, akaiweka mbali, akaisogeza karibu tena.

“Mimi simwoni,” alisema.

Halima aliweka kidole juu ya ile ncha nyeupe. “Meno, hii.”

“Mama Studio, wewe ndio fundi. Ni meno kweli?”

Ingeweza kuwa meno. Ingeweza kuwa chokaa ya ukutani, au mwanga, au kosa la printa yangu. Nilimwambia ni meno, na kwamba anacheka. Alinitazama, nikajua hajaniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini mimi juu ya jambo hilo. Basi nilimgeukia mama yake. Nilimuuliza Guyo alikuwa akienda wapi asubuhi ile alipopita nyuma ya madumu, yeye ambaye hakupenda kamera.

“Hakupita,” Halima alisema. “Yeye aliona mimi nainama, napiga maziwa. Akacheka sana. Akasema, sasa wewe mama, maziwa unapiga picha, mimi mwenye ng'ombe hunipigi? Akakuja mwenyewe, akasimama hapo.”

“Ukampiga?” Habiba aliuliza. “Peke yake, ukampiga?”

Halima alikuwa bado ameweka kidole juu ya ile karatasi.

“Alisema nimpige,” alisema. “Mimi nikaangalia simu, nikaona yuko ndani na maziwa. Nikamwambia basi, hiyo moja inatosha.”